Chumba cha Juu, Ruwi

Kiyoyozi kinatona kwenye kopo la rangi,
tak, tak, kama mdai mlangoni.
Hoteli imeagiza ngome kumi na mbili,
zote za machweo, zote bila watu.
Hii ya saba. Mkono umeshaijua njia,
mimi namsindikiza tu.

Bi Thuwaiba, mwenye nyumba, kapanda anahema,
kaikodolea macho turubai:
"Na waliobeba mawe wako wapi?"
Kanywa chai yangu yote, kashuka.

Nje joto arubaini na sita;
rangi inaganda kwenye brashi kabla sijaamua.
Katika tundu la ngome,
pale mteja hatachungulia,
natia kichwa kimoja, kidogo kama punje ya mtama,
kitambaa begani, jasho.
Hakuniagiza mtu.

Kopo limejaa. Nalimwaga.