Daftari la Bwawa, Mafinga

Saa kumi na mbili na nusu. Sakitu juu ya majani
inavunjika chini ya buti kama chumvi ya mawe.
Navuta kamba, kipimajoto kinapanda kutoka chini:
kumi na sita. Jana kumi na tano.
Naandika kwa penseli; kalamu ya wino hugoma Juni.

Wageni wa Dar huamka mapema kupiga picha mvuke.
"Ona, bwawa linapumua!"
Mimi simo.
Mvuke ni joto linalohama bila kuaga,
kila uzi mweupe umebeba kipande cha jua la jana
unakipeleka huko, juu ya mipaini.

Ndiyo maana nililia na turubai.
Kwanza wakaniletea jeusi, la kufunikia mbao,
mhasibu akisema jeusi hunywa jua.
Kweli lilikunywa. Likalewa peke yake:
mgongo wake uliniunguza kiganja,
chini yake maji yamenuna vilevile.
Sasa ninalo la malengelenge, jepesi, lipitishalo nuru.
Saa nne jua linavuka vilele, linaingia bila hodi,
linazama hadi kwenye vigae;
saa tisa kivuli kinarudi kama mdai.
Saa tano tu za kuchuma. Zilizobaki ni za kutunza.

Turubai halipashi kitu, nimewaambia mara nyingi.
Linakataa tu.

Juzi, Jumamosi, ilikuwa harusi ya kina Mwachang'a.
Bibi harusi alitaka buluu ya maji na taa ndani yake.
Nikaliviringisha, nikaliweka stoo.
Mbingu ilikuwa wazi, nyota hadi kwenye mabati,
na usiku ule bwawa lilitoa kila lilichokuwa nacho
kama mlevi anayeinunulia baa nzima.
Siku nne za jua, kwa picha.

Jana mchana akaja Atukuzwe, binti wa mpishi,
na mguu wake unaojifunza upya kutembea;
hospitali wamesema ndani ya maji utakuwa mwepesi.
Akachovya kidole, akanitazama
kama mtu aliyeahidiwa chai akapewa kikombe kitupu.
"Lini sasa?"
Nikahesabu: digrii moja kwa siku, mawingu yakituhurumia.
"Alhamisi."
Akashika upande wa ngazi, mimi upande wa vyumba,
tukalivuta, yeye akichechemea na kunikemea,
"Huku bado! Huku bado!"
mpaka pasibaki wazi hata upana wa kiganja.