Nyumbu Kipofu

Saa kumi na moja alfajiri, mashine ya bisi bado imelala,
naipanda Nyumbu Kipofu kwa miguu,
nyundo mkononi, spana kiunoni,
mbao zimelowa umande.
Nagonga bolti, nasikiliza.
Iliyokaza hujibu: ti.
Iliyolegea husema: tu,
kama mtu anayeficha jambo.

Rola kosta hii ilipewa jina la nyumbu wa mgodini,
waliovuta makaa humu humu chini ya miguu yetu,
wakazaliwa na macho, wakazeeka bila kuyahitaji.
Baba yangu, Ondrej Hudak, ndiye aliyewalisha.
Kila siku alishushwa futi mia nane kwa mnyororo
na hakuna aliyemuuzia tiketi.
Hakupiga kelele. Nani angemsikia?

Sasa mgodi umejaa maji,
na wajukuu wa wachimbaji wa Pensilvania
hupanga foleni saa nzima juani,
peremende ikiwaganda vidoleni,
walipe dola sita, waanguke.
Nimewatazama miaka ishirini na mitatu:
mchumba anayejifanya simba mpaka kilele cha kwanza;
Bi Gerhart wa kila Jumanne, mjane, mikono juu, kofia mapajani;
mtoto aliyepungua urefu kwa kidole kimoja
akisimama kwa ncha za viatu na kusingizia soksi.
Aliye juu mngoje chini.
Basi mimi ndiye ningojaye,
na wote hushuka nywele wima, wakicheka
kama waliorudishiwa kitu walichodhani kimeibwa.

Hofu tunayouza hapa imepimwa kwa rula.
Ina mkanda, ina breki,
ina mtu aliyeamka mapema.

Mwenyewe sikuwahi kuipanda.
Treni ya kwanza ya asubuhi hubeba mifuko ya mchanga,
kilo sabini kila mmoja,
imefungwa mikanda, imekaa kwa adabu
kama waumini wakisubiri mahubiri.
Haujalalamika hata mmoja.

Leo, siku ya mwisho ya msimu,
majani yamegeuka rangi ya kutu,
nilitoa mfuko mmoja nikaketi mahali pake.
Delphine wa kwenye breki alinitazama,
hakusema neno, akavuta wenzo.

Mnyororo: tak, tak, tak.
Nikaona paa la kanisa,
lile lundo jeusi la mgodi, sasa limeota miti,
makaburi, na katikati yake
jiwe la baba, dogo kama jino.
Kisha dunia ikachomolewa chini yangu.
Tumbo lilibaki juu, mimi nikatangulia.
Nikafungua kinywa nitoe ukelele wa miaka yote,
wangu, na wa yule aliyeshushwa kimya,

na kwenye kona ya tatu, nimelala ubavu hewani,
nikasikia: tu.

Mhimili wa arobaini na moja. Kushoto.

Treni iliposimama nilishuka, magoti maji,
nikamwambia Delphine asifungue lango bado,
nikaomba spana.