Upana wa Punje

Nilipanda kutoka Kyela na shati moja,
Isyonje ikanicheka.
Ukungu umelala barabarani kama ng'ombe asiye na mwenyewe,
wauza viazi wananitazama mikono:
mikono ya mtu wa mpunga, haijui sweta.

Bi Nsubili, mweka hazina wetu,
alizihesabu mara tatu zile laki tatu na themanini
za kikundi cha tarumbeta, akazifunga kwenye leso.
"Ya vitufe, Asegelile. Nasema ya vitufe.
Hiyo ya kuvuta inataka uwanja,
na mbele yako anakaa Gwamaka.
Utamtoboa kisogo."

Tromboni zote mbili zilikuwa mezani, juu ya gazeti la zamani,
mali ya marehemu Ambonisye.
Mjane akanipa chai, akanyamaza.

Ya vitufe ni karani.
Unabonyeza, anakuandikia noti, anagonga muhuri, mwingine aje.
Kijana wa juzi ataishika Jumapili hii
na Jumapili ijayo hatatuaibisha sana.
Ikikwama, fundi cherehani anaifungua,
tone moja la mafuta, inaamka.
Lakini pumzi hupinda kona nyingi mle ndani
na kutoka imechoka,
kama barua iliyopita ofisi zote.

Ya kuvuta haina karani.
Mrija ndani ya mrija, mkono wako, sikio lako,
basi.
Kati ya noti na noti kuna njia nzima
na unaweza kupotea popote.
Ukiibonyeza kidogo tu, kovu dogo la ndui kwenye mrija,
mkono utagoma katikati ya Pasaka
na waumini wote wakigeuka.

Nikakagua kama nilivyofundishwa.
Ya vitufe nikaiziba kwa kiganja, nikapuliza:
kitufe cha pili kikanong'ona, fff,
kinavuja, na anayevuja hafichi siri.
Ya kuvuta nikaisimamisha, nikauachia mrija.
Ukashuka wenyewe, taratibu,
kama mtu anayeingia kwenye maji anayoyajua.

Hapo ndipo nikaziona:
nukta sita nyekundu, zimepakwa kwenye shaba.
Rangi ya kucha.

"Masikio yalimtangulia kufa," mjane akasema.
"Akawa anavuta, mimi nasikiliza. Naimba sauti ya pili, najua.
Ikikaa mahali pake namwambia, simama hapo,
napaka.
Majira mawili ya viazi alipiga kwa macho."

Nikamwuliza bei.
Ya vitufe alishusha kabla sijamaliza chai.
Ya kuvuta, akasema, haishuki.
Nikafungua leso ya Bi Nsubili
na kuacha mezani leso peke yake haikutosha,
nikaongeza nauli yangu.
Nilirudi juu ya lori la parachichi,
nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo hakuniambia,
labda hakulijua.
Nukta zile ni za Isyonje.
Baridi huishusha sauti ya shaba,
kwa hiyo yule bwana alivuta pafupi.
Huku kwetu bondeni, joto la saa nne asubuhi
linaipandisha, na nikisimama kwenye nukyundu yake
napiga juu ya wenzangu, nakera.
Ninapaswa kupita nukta
kwa upana wa punje ya mchele.
Nimepima. Mchele wetu, si mwingine.

Gwamaka amesogeza benchi.
Bi Nsubili hajanisemesha tangu mavuno.
Vijana wananiambia nisugue rangi ile, inachekesha,
mtu mzima na chombo chenye kucha.

Siisugui.
Mrija ukifika pale nasita kidogo,
kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ya baridi,
nasikia ndani mwanamke akisema, simama hapo,
kisha napita,
punje moja.