Safu Tupu

Machozi, alisema wakili Zuwena, hayapigwi muhuri.
Lete karatasi.
Kisha akanihesabia kwa kalamu mambo manne
ambayo mdai sharti athibitishe:
kwamba walikuwa na wajibu kwake,
kwamba wajibu huo waliuacha,
kwamba kuachwa huko ndiko kulikomuua Nyevu,
wala si presha, wala si kudra.
La nne lilinipita. Feni ilikuwa ikikwaruza.

Faili tuliipata baada ya barua tatu na kiapo.
Kurasa sitini na moja, nakala hafifu,
na ndani yake jedwali la wodi ya wazazi:
mapigo, presha, damu, sahihi.
Saa sita usiku, sahihi.
Saa saba, sahihi.
Saa nane, tisa, kumi, kumi na moja,
weupe.
Saa kumi na mbili, mwandiko mwingine:
Amekutwa baridi.

Mimi ni karani wa makontena, Kilindini,
mwaka wa kumi na tisa.
Kontena la mitumba likishuka nami nisiandike saa,
naitwa ofisini kabla chai haijapoa.
Safu tupu naijua.
Haisemi hakuna kilichotokea.
Inasema hakuna aliyekuwapo.

Wakili wao, miwani ya dhahabu, sauti ya msibani,
akauliza: je, kutoandika ndiko kutotazama?
Muuguzi mmoja, wazazi thelathini na wawili;
pengine mikono ilikuwa na kazi kuliko kalamu.
Nikamtazama yule binti kizimbani
akizungusha pete kidoleni, akizungusha,
nikamhurumia, Mungu anisamehe,
na huruma nayo haikupokelewa kama kielelezo.

Daktari bingwa, tuliyemlipa kwa kiwanja cha Mtwapa,
akasema: angetazamwa saa tisa, shuka lingeonekana.
Chupa mbili za damu. Dakika ishirini.
Kwa uwezekano mkubwa zaidi, akaongeza,
maana sheria haidai yakini,
mizani ikiinama kidogo, yatosha.

Ngazini, joto la Februari likinipiga usoni,
likanirudia lile la nne:
nithibitishe kwamba nimepata hasara.
Stakabadhi za jeneza ninazo, za maziwa ya kopo ninazo,
bahasha nzima, kwa tarehe.
Sina ya jana usiku,
mtoto, miaka minne sasa,
aliponiuliza alizaliwa saa ngapi.
Saa tano na dakika kumi, nikamjibu.
Hiyo waliiandika.