Zamu ya Maji

Daktari amesema turudi Jumatatu,
si hii inayokuja, ile ya pili yake.
Kinyama walichokata shingoni mwa Aikaeli
kimepelekwa kupimwa, nacho hakina haraka.
Tukapanda nyumbani Mbokomu
na risiti tatu na bahasha tupu.

Pale Kiboroloni mzungu mmoja, kamera kifuani,
aliniuliza mlima uko wapi,
siku ya tano hii hajauona.
Nilitaka kumwambia: unaukanyaga.
Nikanyamaza. Kiingereza changu ni cha kuuzia kahawa,
na mimi mwenyewe wiki ile
nilikuwa nauliza swali lilelile, kwa jina jingine.

Zamu yetu ya maji ni Alhamisi,
saa nane usiku mpaka jogoo wa pili.
Ndivyo babu alivyogawiwa, ndivyo nilivyorithi,
ila mfongo haujaleta tone tangu Agosti.
Ndani yake mna majani makavu, chupa ya soda,
ndala ya mtoto, ya kushoto.
Kirenga alipotuita msaragambo
tulitokea watu saba.
Kijana mmoja akasema: tunasafisha nini, vumbi?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na jembe.

Nikasafisha kipande changu, nikapitiliza
nikasafisha na cha Mosha,
ambaye hatujasalimiana tangu kesi ya mpaka.
Si kwa wema. Nilikuwa naogopa kurudi nyumbani.
Kesho yake nikakuta jani la isale
limefungwa fundo mlangoni pangu.
Hiyo nayo ni habari,
ingawa siyo niliyokuwa naisubiri.

Aikaeli anakunywa mtori vijiko vinne, anasema ameshiba.
Anauliza kama mbuzi wamekula.
Anauliza ada ya Ndekira.
Haulizi habari ya Jumatatu.
Usiku nasikia mkono wake ukipapasa shingo
kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka.

Nami husali. Vibaya.
Naianza ile sala ya darasa la Kipaimara,
nafika penye riziki, penye neno leo,
nakwama hapo kama gari kwenye tope la masika.
Leo.
Hakuna aliyetufundisha kuiomba kesho.
Miaka hamsini nimelipita neno hilo mbio
nikiiwahi amina.

Bwana, imani ya kuhamisha mlima sina.
Na uhamishiwe wapi? Sisi sote tuko juu yake.
Ninayo hii tu, ya kuamka saa nane.

Alhamisi nikaamka.
Nikashuka migombani na tochi inayokata roho,
koti la mvua begani,
ingawa nyota zote zilikuwa nje, bila hata aibu.
Nikaliondoa gogo la mgomba, nikauchokoa udongo,
nikalifungua lango la maji yasiyokuwapo.
Maana yakija yakakuta pamefungwa
yatapita yaende zake,
na hapo nitamlaumu nani?

Nikaketi. Saa tisa.
Saa kumi, baridi ikaingia kwenye magoti.
Nikamwambia Mungu maneno ambayo mchungaji
asingependa kuyasikia. Hakunijibu,
wala hakuondoka; sijui nilijuaje hilo.

Kisha nyuma yangu ndala zikaburuta.
Aikaeli, blanketi mabegani, chupa ya chai mkononi.
"Yamefika?"
"Bado."
Akaketi ukingoni. Akamimina kikombe kimoja,
tukapokezana.
Juu msituni kitu kikavuma,
pengine upepo, pengine mbega,
tukanyamaza wote wawili tukisikiliza.

"Sogea," akasema,
"umekalia njia yake."

Nikasogea.