Rumande ya Barua

Saa nane usiku, Upper Hill, ghorofa ya tisa.
Baridi ya Julai imeingia hadi kwenye kibodi.
Nimevaa koti la Achola aliyetoka zamu ya jioni,
mfukoni nimekuta njugu tatu, nikazitafuna.

Mbele yangu dirisha jeusi, kishale kinapepesa.
Kwanza tokeni. Bila tokeni hufunguliwi,
nayo huishi saa moja tu, kisha inakata roho
kama zile za stima kwetu Umoja:
unanunua kidogo, unatumia kwa hofu.

Kisha ombi.
Ndivyo tunavyoliita kazini, ombi,
ingawa halina magoti wala tafadhali:
nipe kila kilichozuiliwa siku hizi thelathini,
barua na mafaili, mtumaji, saa, sababu.
Nabisha hodi. Mashine haisemi karibu,
inasema mia mbili,
na mia mbili ni heri; jana ilisema mia nne na tatu
nikajua kuna mtu amenivua ruhusa bila kuniambia.

Elfu moja mia tisa na kumi na mbili.
Zinakuja hamsini hamsini, ukurasa kwa ukurasa,
kama mahabusu wanaoitwa majina alfajiri.
Ankara ya bandia. Ankara ya bandia.
Mwana wa jenerali mwenye dhahabu asiye na pa kuiweka.
Benki yetu wenyewe, ila o yake ni sifuri.
Hawa siwaonei huruma. Wakae.

Ukurasa wa kumi na saba: Zipora Kwamboka.
Wa kumi na tisa: Zipora Kwamboka.
Wa ishirini na mbili, wa thelathini,
wa thelathini na nane.

Mada ya kwanza: Cheti cha kifo cha marehemu Nyamweya, nimeambatisha.
Ya pili: Nakumbusha kwa heshima.
Ya tatu: Watoto wametumwa nyumbani karo.
Ya nne haina mada.
Ya tano, herufi kubwa tupu: JE, KUNA MTU?

Sababu, inasema safu ya mwisho: kirusi ndani ya kiambatisho.
Nimekagua. Ni kweli.
Faili liliugua kwenye kompyuta ya saiba, Kawangware,
ile ambayo kila flashi ya mtaa imeingia na kutoka
bila kunawa mikono.
Mama hakudanganya. Mashine nayo haikudanganya.
Barua ya tano haina kiambatisho hata kimoja;
imefungwa kwa makosa ya dada zake wanne.

Vitenzi nilivyopewa ni viwili: achilia, futa.
Nimesoma mwongozo wote, hadi tanbihi.
Hakuna kitenzi cha kumwita mtu kando,
cha kumwambia, mama, si wewe, ni lile faili.
Zikitimiza siku thelathini zinajifuta zenyewe.
Ile ya kwanza imebakiza kumi na mbili.

Chini ya ile iliyokosa mada, nambari ya simu.
Nikaiandika kwenye kiganja,
tokeni ikafa nikiwa bado naandika.

Saa tatu asubuhi, nimesimama kwenye ngazi,
koti la watu bado mwilini:
Naitwa Mwende, napiga kutoka chama cha akiba,
ni kuhusu barua zako, za cheti cha mzee.
Kimya. Nyuma yake redio, na mtoto anayekohoa.
Tumezipata, mama, ila naomba ulete cheti chenyewe,
cha karatasi, uje nacho ofisini, uniulizie mimi...

Nyinyi watu wa Kamiti, akasema, bila hasira,
kama mtu anayefunga dirisha mvua ikianza,
mmejuaje kwamba mume wangu amekufa?

Nikapiga tena.
Nambari yangu ilikuwa imezuiliwa.