Chupa Dirishani

Kazi yangu kukwangua theluji juu ya ziwa Hornavan
ili wageni wajaribu breki za magari yao barafuni.
Ziwa nalijua kwa sauti:
likiguna, naendelea; likinyamaza, naruka garini.
Mwili wangu haukuguna.

Mwaka ule nilijinyima, nikitaka gauni linikae,
mwanangu Tuva anaolewa mwezi wa sita.
Siku ya tano ya maji na supu nyepesi
tumbo likakamatwa kama shuka mikononi mwa dobi,
likasokotwa, likakamuliwa.
Wakapiga picha. Wakanipasua, wakanishona.
“Tumbo lako safi,” wakasema,
kwa ule upole unaoambiwa mwongo.

Usiku wa tatu baba yangu, marehemu,
akachuchumaa pembeni ya kitanda
akihesabu skrubu sakafuni.
Akikosea, anaanza upya.
Nikamsaidia kuhesabu.
Hapo ndipo wakamwita daktari wa akili.

Bibi Alfhild, mzaa baba, alipelekwa hospitali ya pwani
akipiga kelele kwamba mna nyoka anamfinyanga utumbo.
Wakampa vidonge vya usingizi, atulie.
Akatulia miguu.
Akatulia mikono.
Akatulia hata pumzi.
Nyumbani ikaamuliwa: jina lake
lisitajwe wachumba wakija.

Daktari Farzaneh alikuwa zamu ya usiku.
Chupa ya mkojo wangu aliisahau dirishani,
au hakuisahau, mpaka leo hataki kusema.
Jua la Machi lilipoipata
mkojo ukaiva, rangi ya divai.

“Si damu,” akasema. “Ni kazi iliyoishia njiani.
Ini lako linajenga wekundu wa damu,
na kibarua mmoja ni goigoi tangu ulipozaliwa.
Ukishinda njaa anazidiwa, mizigo inarundikana,
sumu inapanda kwenye neva, kisha kichwani.
Kibarua huyu umemrithi.”
Akanitundikia dripu ya sukari.

Sukari!
Kitu tunachowapa watoto wasilie.
Na vidonge vile vya kumtuliza Bibi
ndivyo hasa asivyopaswa kuonja.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.
Sisi hatukuficha maradhi, hatukuyajua.
Tulimficha mgonjwa.

Nimeomba faili lake. Kurasa nne, mwandiko wa haraka:
*mkaidi; anajifanya; analia bila sababu.*
Ukurasa wa tatu, pambizoni, kwa penseli,
muuguzi asiye na jina ameandika:
*mkojo wa mgonjwa una rangi ya ajabu.*
Chini yake, kwa wino wa mtu mwingine:
*umemwagwa.*

Tuva amepima, hana. Alilia kama aliyeambiwa anao.
Mimi natembea na zabibu kavu mfukoni
na orodha ya dawa za mwiko, ndefu kuliko sala zangu.

Kaka yangu Torvald hataki kupima.
Yeye mzima, anasema, hata mafua hayajui.
Lakini msimu wa kuwinda hushinda siku mbili hajala,
akarudi na macho si yake, akagombana na mlango,
na mkewe huwapeleka watoto kwa jirani, kimya,
kama anayeanua nguo kabla ya mvua.

Jana nilikwenda kwake kunywa kahawa.
Nilipoaga nilipitia chooni,
nikaacha chupa tupu, safi, kwenye dirisha
linalotazama mashariki.
Sikusema neno.